Unga unaosafisha maji ya batiki kwa jua na kuvutwa kwa sumaku: utamfaa mama?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia chuoni, mwaka wa pili, na nyumbani kwetu Mbagala mama anatengeneza batiki. Maji yakishatumika yanamwagwa mtaroni na majirani wameanza kulalamika. Nimesoma kwamba kuna unga wa MOF ambao ukiutia kwenye maji ya rangi na kuyaweka juani, rangi inapotea, kisha unga unavutwa kwa sumaku na kutumika tena. Nikiutengeneza kama mradi wangu wa chuo, utayasafisha maji ya mama? Na huo usumaku unatoka wapi? Kuna maandishi yanasema MOF yenyewe ni sumaku, mengine yanasema imepakwa juu ya sumaku."

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Unga huo upo na unafanya kazi, lakini ukiutia moja kwa moja kwenye beseni la mama utaharibika siku hiyohiyo. Kitakachouharibu ni kostiki, yaani ile sodiamu haidroksidi anayoitia kwenye rangi. Kuhusu sumaku, maandishi yote mawili yako sahihi, ila yanazungumzia vitu viwili tofauti, na wewe unachokihitaji ni kile kilichopakwa.

MOF ni fremu za metali na ogania. Zina sehemu mbili: vifundo vya metali, ambavyo mara nyingi ni kikundi cha atomu kadhaa za metali zilizoshikanishwa na oksijeni, na viungo vya ogania, yaani molekuli za kaboni, vinavyounganisha kifundo na kifundo. Ukipita Kariakoo ukaona mirunda iliyozunguka ghorofa linalojengwa, umeliona umbo lake: miti, maungio, na kwingine kote ni uwazi. Uwazi huo ndio mali. Gramu moja ya MOF-5, ambayo kundi la Omar Yaghi liliitangaza mwaka 1999, ina uso wa ndani wa karibu mita za mraba 2,900. Mwaka 2025 Yaghi, Susumu Kitagawa na Richard Robson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya fremu hizi, na tangu hapo habari zake zimezagaa kila mahali, nyingine zikiahidi mambo ambayo mkemia yeyote angeyasoma kwa tahadhari. Hiyo MOF-5 yenyewe, kwa mfano, haipatani na unyevu. Hewa ya Dar peke yake inatosha kuibomoa, usiseme maji.

Sasa tuje kwenye mwanga. Unga huo ni kichocheo cha mwanga, yaani kitu kinachotumia mwanga kuharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Kichocheo cha namna hii kina pengo la nishati kati ya elektroni zilizotulia na mahali zinapoweza kurukia. Mwanga wenye nishati ya kutosha ukiipiga elektroni, inaruka na kuacha tundu nyuma yake. Elektroni ikikutana na oksijeni iliyoyeyuka majini huzaa supaoksaidi, yaani oksijeni yenye elektroni ya ziada. Tundu nalo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye maji au kwenye rangi yenyewe, na hapo huzaliwa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye uchu wa elektroni, ambavyo ni vikali kiasi cha kuvunja pete za kaboni zinazoipa rangi rangi yake. Kazi ikifika mwisho, yanabaki kaboni dioksaidi, maji na chumvi chache. Lakini elektroni ikirudi kwenye tundu lake kabla ya kukutana na chochote, mwanga umepotea bure na umegeuka joto. Sehemu kubwa ya utafiti wa vichocheo hivi ni kuzuia elektroni zisirudi.

Kichocheo kilichozoeleka ni titani dioksaidi, ile poda nyeupe iliyomo kwenye rangi za ukutani. Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba ikimulikwa inaweza kupasua maji. Kasoro yake ni pengo pana: aina ya anatasi ina elektronivolti 3.2, maana yake inataka mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 388 hivi, yaani urujuanimno. Na urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayofika ardhini. Kwa hiyo hata hapa kwetu, ambako jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba, titani inakula makombo.

Hapa ndipo MOF inapoonyesha ubora wake, kwa sababu pengo lake linaweza kurekebishwa kwa kubadilisha kiungo cha ogania bila kugusa umbo la fremu. Chukua MIL-125, fremu ya titani na asidi ya tereftaliki. Ni nyeupe, na pengo lake ni la elektronivolti 3.6 hivi, pana kuliko hata la titani dioksaidi. Tumia tereftaliki yenye kikundi cha amino badala ya ile ya kawaida, na unga unatoka wa njano na pengo linashuka hadi karibu 2.6. Huo unjano unakuambia kwa macho kwamba unga sasa unakula mwanga wa bluu unaoonekana. UiO-66 ya zirkoni, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2008, nayo hugeuka njano ikiongezewa amino.

Mimi lakini kwa mradi wako nisingekupeleka kwenye titani wala zirkoni. Ningekupeleka kwenye chuma: MIL-100(Fe), MIL-53(Fe) au MIL-88B(Fe). Vifundo vya chuma na oksijeni hula mwanga unaoonekana vyenyewe, bila kusubiri kiungo kipambwe. Chumvi za chuma ni za bei nafuu, na ukiongeza haidrojeni peroksaidi kidogo, hiihii ya kuoshea vidonda inayouzwa famasi, unapata njia ya pili: mwanga unageuza chuma cha chaji tatu kuwa cha chaji mbili, na hicho cha chaji mbili kinapasua peroksaidi kuwa radikali za haidroksili. Ni mmenyuko wa Fenton ukisukumwa na jua. Tena MIL-100(Fe) inaweza kutengenezwa ndani ya maji, bila dimethilifomamaidi, kimiminika ambacho ni sumu kwa ini na ambacho nisingependa ukivute kwenye maabara yenye feni moja. MIL-53 na MIL-88B zinatumia asidi ya tereftaliki, na hiyo unaweza kuitoa kwenye chupa za maji za plastiki: zikate vipande, zichemshe kwenye kostiki hadi zimeng'enyuke, chuja, kisha tia asidi na tereftaliki itajitenga kama unga mweupe. Kwa hiyo malighafi si tatizo.

Tatizo la kwanza ni namna watu wanavyopima. Maandishi mengi uliyosoma yanatumia rangi za maabara, methilini bluu au rodamini B, kwenye bika, taa juu, na baada ya saa moja wanatangaza kwamba rangi imekwisha kwa asilimia tisini na kitu. Rangi kutoweka majini kuna njia zaidi ya moja. Huenda imenata tu kwenye vitundu vya unga, ambavyo kama nilivyosema vina eneo kubwa mno, na mwanga haukufanya lolote. Huenda rangi ndiyo iliyokula mwanga, ikasukuma elektroni zake kwenye unga na kujiharibu yenyewe, jambo ambalo halitatokea kwa uchafu usio na rangi. Huenda imepoteza rangi bila kuvunjika. Na huenda kweli imevunjwa.

Hiyo ya tatu mama yako anaijua kuliko maprofesa wengi. Muulize kinachotokea anapotengeneza rangi za aina ya indigo: anatia kostiki, anatia haidro (sodiamu dithionaiti) kwenye maji ya moto, na bluu inageuka kuwa njano yenye ukijani. Kitambaa kinatoka kwenye beseni kikiwa hivyo. Akikitandaza kwenye upepo, bluu inapanda yenyewe mbele ya macho yake. Molekuli haikwenda popote. Ilipewa elektroni, halafu oksijeni ya hewani ikazichukua. Methilini bluu ya maabara nayo hufanya hivyohivyo: inaweza kuwa nyeupe kama maji ya kunywa kisha ikarudi ukiitikisa chupa. Mtu akikuletea grafu ya rangi inayoshuka bila kukuonyesha jumla ya kaboni ogania iliyobaki majini, usimwamini bado.

Tatizo la pili ndilo kubwa kwako, nalo ni hayo maji yenyewe. Beseni la batiki si bika la methilini bluu. Lina kostiki, pH yake inaweza kupita 12. Lina mabaki ya haidro. Lina nta ya mishumaa iliyochemshwa kutoka kwenye kitambaa. Na rangi ni nzito kiasi kwamba mwanga hauvuki sentimita chache za juu.

Kostiki inafanya nini? Fremu za MIL na UiO zinashikiliwa na vifungo kati ya metali na asidi za ogania. Ayoni za haidroksidi zikiwa nyingi zinaishika metali kwa nguvu zaidi kuliko kiungo kinavyoishika, kiungo kinaachia na kuyeyuka majini kama chumvi ya sodiamu. MIL-100(Fe) yako itageuka kuwa tope la kahawia, ambalo kwa jina la mtaani ni kutu. UiO-66, inayosifiwa kwa uimara, inastahimili asidi vizuri, lakini kwenye kostiki kali nayo inakwenda. Kuna fremu zinazoweza kostiki: ZIF-8, ya zinki na methilimidazoli, ilichemshwa kwenye kostiki ya mola 8 kwa saa 24 na umbo lake likabaki. Ila ZIF-8 haili mwanga unaoonekana hata kidogo. Ndiyo dunia ya vichocheo ilivyo.

Haidro nayo ina ubaya wake. Kazi ya haidro ni kugawa elektroni, na radikali za haidroksili zinatafuta elektroni kwa udi na uvumba. Ukiziachia radikali zako kwenye maji yenye haidro, zitaimaliza haidro kwanza na rangi itabaki inaangalia. Peroksaidi yako pia itaishia hukohuko.

Sasa sumaku.

Ukichukua MIL-100(Fe) safi, iliyojaa chuma, na kuisogezea sumaku ya spika kutoka kwa fundi redio, haitavutwa kwa namna utakayoiona. Wanafunzi wengi hushangaa hapo, kwa sababu tumezoea kwamba chuma kinavutwa na sumaku. Kila ayoni ya chuma cha chaji tatu ina elektroni tano zisizo na mwenza, kwa hiyo kila moja ni sumaku ndogo. Lakini kwenye kifundo, ayoni tatu zimezunguka oksijeni moja, na oksijeni hiyo inazilazimisha zielekeane kinyume, zikipunguzana nguvu. Kutoka kifundo hadi kifundo kuna kiungo kirefu cha ogania, na mawasiliano ya usumaku kupitia njia ndefu hivyo ni hafifu. Joto la kawaida la chumba linayavuruga yote. Shaba iko vilevile. HKUST-1, fremu ya bluu iliyotangazwa mwaka huohuo wa 1999 na kundi la Hong Kong, ina ayoni za shaba mbilimbili zinazotazamana, na jozi hizo zinafutana: ukiipoza sana, usumaku wake unakaribia kutoweka.

Kanuni basi ni hii: ukitaka fremu iwe sumaku yenyewe, fupisha njia kati ya metali na metali. Sayanaidi ni daraja fupi. Bluu ya Prusia, rangi ya wachoraji ya tangu karne ya 18, ni chuma na sayanaidi, na inakuwa sumaku ya kweli chini ya kelvini 5.6, yaani karibu nyuzi 268 chini ya sifuri. Ukibadilisha metali zikawa vanadi na kromi, kiwango hicho kinapanda hadi kelvini 315, nyuzi 42 hivi za Selsiasi. Hiyo ilitangazwa mwaka 1995. Njia nyingine ni kukipa kiungo chenyewe elektroni isiyo na mwenza, ili kishiriki kwenye mazungumzo badala ya kuwa ukuta. Mwaka 2020 watafiti waliokuwa Ufaransa walitangaza fremu ya kromi na pirazini, iliyotibiwa kwa lithi, ambayo inabaki sumaku hadi kelvini 515, zaidi ya nyuzi 240. Ni kazi nzuri sana, mimi binafsi naihesabu miongoni mwa kazi tamu za kemia ya miaka hii. Lakini lengo lake ni vifaa vya kuhifadhi taarifa na mengine ya aina hiyo. Haikutengenezwa ili itumbukizwe kwenye maji ya batiki.

Kinachovutwa kwa sumaku kwenye maandishi uliyosoma ni magnetiti, Fe₃O₄, iliyowekwa ndani kama kokwa, na MOF ikapakwa juu yake. Magnetiti hiyo unaweza kuitengeneza chuoni wiki hii: chumvi ya chuma cha chaji mbili kwa cha chaji tatu kwa uwiano wa moja kwa mbili, maji ya nyuzi 80, gesi ya naitrojeni ikipita ili hewa isiingie, kisha amonia. Maji yanageuka meusi papo hapo. Chembe zikiwa chini ya nanomita 20 hivi zina tabia moja inayofaa sana: sumaku ikiwepo zinavutwa, ikiondolewa zinasahau. Hazibaki na usumaku wao, kwa hiyo hazigandamani na zinatawanyika tena majini. Magnetiti ya bongebonge ina usumaku wa hadi emu 92 kwa gramu (emu ni kipimo cha usumaku). Ya chembe ndogo ni pungufu, na ukiipaka MOF inapungua tena, maana unaongeza uzito usiovutwa. Tabaka likiwa nene sana, unga unatambaa kuelekea sumaku kama haujui unakokwenda.

Na hapa kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi kwa sauti. Sifa hizi mbili, ya mwanga na ya sumaku, hazisaidiani, zinagombana. Magnetiti ni nyeusi, inakula mwanga usioifaa. Pia pengo lake ni dogo mno, hivyo elektroni iliyorushwa kwenye MOF ikidondokea kwenye magnetiti inakutana na tundu lake hapo na kazi inaishia hapo. Wenye uzoefu huweka tabaka jembamba la silika kati ya kokwa na MOF kuwatenganisha wagomvi hao. Ukisoma andiko linalosema magnetiti imeongeza kasi, angalia kama waliweka peroksaidi na kama walipima chuma kilichovuja: mara nyingi ni chuma kilichoyeyuka kinachofanya Fenton majini, na unga wenyewe unapewa sifa isiyo yake. Namna ya kujua ni rahisi. Katikati ya jaribio chuja unga wote, rudisha maji juani. Rangi ikiendelea kushuka kwa kasi ileile, unga haukuwa mfanyakazi.

Halafu fikiria ukubwa. Nguvu ya sumaku inashuka haraka mno kadiri unavyosogea mbali nayo. Kwenye bika la mililita 100 unga utajikusanya ukutani dakika chache tu, na picha itapendeza kwenye ripoti. Kwenye pipa la lita 200 unga ulio katikati hautajua kama sumaku ipo. Itabidi maji yapite kwenye bomba jembamba lililozungushiwa sumaku, na hapo gharama inaanza kuongea.

Kwa hiyo kwa mama, leo, ningefanya hivi. Maji yaliyotumika yaachwe kwenye beseni pana, wazi, siku nzima au zaidi, yakikorogwa mara kwa mara. Hewa itaimaliza haidro, na rangi za aina hii zikipata oksijeni zinarudi kuwa chembe zisizoyeyuka na kuanza kuzama zenyewe. Nta itaelea, iokolewe, inatumika tena. Baada ya hapo tu ndipo kostiki ipunguzwe makali kwa asidi hafifu, kidogokidogo, nje kwenye upepo. Usitie asidi kwenye maji ambayo bado yana haidro: inatoa salfa dioksaidi, gesi inayokaba koo, na mwenye pumu anaweza kulazwa. pH ikifika 7 hivi, tia shabu, koroga, acha vitulie, chuja kwa kitambaa na mchanga. Tope likaushwe na litupwe na taka ngumu, lisirudi mtaroni. Baadhi ya mitaro ya huko kwenu huishia Mto Kizinga, na mto huo ndio unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni.

Utaona kwamba hapo hakuna MOF, na sehemu kubwa ya rangi imeondoka kwa shabu ya sokoni. Ndiyo. Ila maji hayo yaliyochujwa bado yatakuwa na rangi kidogo na kaboni ogania iliyoyeyuka, na hayo sasa ni maji ambayo MIL-100(Fe) inaweza kuishi ndani yake. Huo ndio mradi wako: unga kama hatua ya mwisho, kwenye sinia lenye kina cha sentimita mbili tatu, kwa maji halisi ya Mbagala badala ya methilini bluu. Weka sinia la kwanza lenye unga na jua, la pili lenye unga gizani, la tatu lenye jua bila unga. Kabla ya kuanza, acha unga gizani na maji kwa saa moja ili kinachonata kinate, ndipo uhesabu muda. Pima kaboni ogania mwanzo na mwisho. Pima chuma kilichovuja kila mzunguko, na piga eksirei ya fuwele kabla na baada, uone kama fremu bado ipo au umebaki na kutu inayovutia machoni.

Magnetiti iache kwa mzunguko wa kwanza. Tengeneza MIL-100(Fe) peke yake, ijaribu kwa sumaku ya spika, na ikivutwa jua umepata oksaidi za chuma kama uchafu, hivyo anza tena. Ukishajua unga mtupu unafanya kiasi gani, ndipo uongeze kokwa na silika, na utajua umepoteza kiasi gani kwa kununua urahisi wa kuukusanya. Ukiniletea matokeo, niandikie na pH ya kila sinia. Bila hiyo sitaweza kukuambia chochote.